Wananchi wa Ilemba Hawakosi Mwamko

(Mazungumzo kwa waalimu na watumishi wa umma)



Katika taarifa zinazopelekwa wilayani kutoka vijijini lipo neno moja ambalo ni nadra kukosekana. Mahudhurio ya wanafunzi yakiwa haba, neno hilo hutokea. Mkutano wa kijiji usipotimiza akidi, hutokea tena. Wasichana wasipoonekana uwanjani siku ya michezo, hutokea mara ya tatu. Neno lenyewe ni “mwamko”. Huandikwa hivi: wananchi wana mwamko mdogo. Baada ya hapo mwandishi wa taarifa hutia saini, hupiga mhuri, na karatasi hupanda ngazi hadi ngazi ikiwa na sentensi ileile, ambayo haimdai mtu yeyote kufanya lolote.

Neno hili lilianza kwa heshima kubwa. Katika miaka ya kudai Uhuru, na baada ya Azimio la Arusha la 1967, kumwamsha mwananchi ilikuwa ni kazi ya Chama na ya kila aliyepata elimu kwa jasho la wengine. Aliyekuwa hajaamka alikuwa deni la kiongozi. Leo, aghalabu, neno hilohilo hutumika kinyume: limekuwa shutuma inayobandikwa mgongoni mwa mkulima, na anayeibandika huondoka akiwa amejitoa lawamani. Hapana budi basi neno hili lipimwe mahali fulani penye udongo, mvua na watu.

Ilemba panafaa kwa kipimo hicho. Ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, katika Bonde la Ziwa Rukwa, na mtu aliyefika Sumbawanga mjini tu hajaiona. Mji ule uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya mwezi Juni haihitaji kusimuliwa kwa aliyewahi kulala huko bila blanketi la pili. Ziwa Rukwa liko chini, kwenye mita zipatazo 800. Kati ya juu na chini umesimama ukingo wa Lyambalyamfipa, na njia za kushukia bondeni, kama ile ya Kalambanzite, zinateremka kwa kona kali na mawe. Juu hulimwa mahindi, maharage, ulezi na ngano. Chini, kwenye joto, hulimwa mpunga, ufuta na mahindi; wapo wavuvi wa ziwani; wapo wafugaji, wengi wao Wasukuma waliohamia na ng’ombe wao katika miongo ya karibuni wakawakuta Wafipa na Wawanda. Lami ya kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga katika miaka ya 2010. Hiyo ni njia ya juu. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya yako Laela, nako ni juu. Mtu wa Ilemba mwenye shida ya karatasi hupanda mlima kwanza, shida yake ndipo isikilizwe.

Ianze elimu. Hakuna anayeweza kusema kwamba taifa hili lilimfungia mlango mtoto wa bondeni kwa makusudi. Ada ya shule za msingi ilifutwa 1973. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi iwe ya kila mtoto ifikapo mwishoni mwa 1977, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978. Sheria ya Elimu ya 1978 ikamfanya mzazi awajibike kwa mahudhurio ya mtoto wake. Hali ngumu ya uchumi wa miaka ya 1980 ilirudisha ada. Ikafutwa tena 2001, na Januari 2016 ada ikaondolewa katika shule za umma hadi kidato cha nne. Milango ilifunguliwa, na kufunguliwa tena. Lakini mlango uliofunguliwa juu ya mlima haumsaidii aliye chini mpaka kwanza ajulikane anapandaje.

Mwaka wa shule huanza Januari. Mkulima wa bondeni naye ana mwaka wake, na miaka hiyo miwili haisalimiani. Januari mvua imekolea, plau na maksai vimo shambani, majaruba ya mpunga yanataka mikono, na kwa familia nyingi chakula cha mwaka uliopita kinaelekea chini ya kihenge. Fedha haipo, kwa kuwa fedha ya mkulima huja baada ya mavuno, wanunuzi wanapofika. Basi katika mwezi ambao mfuko wake ni mtupu kuliko miezi yote ndipo anapoambiwa anunue sare, viatu, madaftari na kalamu. Agosti, mfuko ukiwa na kitu, hakuna anayemwuliza neno. Fedha hiyo huenda kwenye bati, kwenye baiskeli, kwenye harusi, na nyingine, isifichwe, kwenye pombe. Januari inapofika mzazi huyo huitwa mbele ya kamati na kuandikwa kuwa hana mwamko. Mtumishi hulipwa kila mwezi, na labda ndiyo sababu humwia vigumu kumfahamu mtu ambaye mshahara wake huja mara moja kwa mwaka. Hakuna waraka unaoizuia kamati ya shule kukaa Julai, wakati mpunga unauzwa, ikakubaliana na wazazi kuhusu sare na madaftari ya Januari. Ni jambo la kalenda tu.

Baada ya Januari huja ndege. Mpunga unapotoa masuke, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilolindwa asubuhi moja huweza kuwa mabua matupu jioni. Anayekaa kwenye dungu tangu alfajiri hadi jua kuzama, na kombeo mkononi, ni mtoto. Tena mashamba mengi yako mbali na kijiji, kwa hiyo familia huhamia mashambani kwa majuma au miezi, na mtoto huhama nayo. Kando ya ziwa wapo wavulana wanaokwenda kwenye kambi za wavuvi na kurudi na noti mfukoni. Kijana wa darasa la sita aliyekwisha kushika noti yake mwenyewe si rahisi kurudi kukaa dawati moja na wadogo zake. Kwa mfugaji, wa kuchunga ni mtoto pia. Mwalimu anapoita majina na kuandika “mtoro”, ameandika kweli nusu. Mtoto huyo hakutoroka kazi, ametumwa kazi.

Isidhaniwe kwamba hoja hii inamsamehe mzazi. Mtoto aliyekaa kwenye dungu Aprili nzima ameibiwa, na mwizi wake anamlisha. Sheria ipo na itumike. Lakini polisi wa kata akipita na orodha ya watoro katika msimu wa ndege, atapata faini, hatapata wanafunzi. Mzazi atauza debe la mpunga kulipa faini, kisha kesho atamrudisha mtoto dunguni ili debe lile lirudi. Palipofaulu kitu katika mambo haya, hapo kwanza palikuwa na mazungumzo: familia chache zenye mashamba jirani zikakubaliana kulinda kwa zamu za watu wazima, au mwalimu akafahamu ni majuma yapi ya hatari na kuyapanga masomo magumu kabla au baada yake. Watu wa Ufipa si wageni wa kazi ya kualikana. Kwa vizazi walilimana mashamba kwa zamu, na mwenye shamba akawapikia wenzake pombe ya ulezi. Anayesema watu hawa hawajui kushirikiana hajawahi kuwaona wakilima.

Lipo jambo jingine ambalo ni zito kuliko kalenda, nalo ni chakula. Katika miaka ya 1980 Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ilihesabiwa katika mikoa minne iliyolilisha taifa kwa mahindi. Magari yalishuka Tunduma na Mbeya yakiwa yamejaa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba katika watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, asilimia 56 walikuwa wamedumaa. Hakuna mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho. Utafiti wa 2022 ulikuta bado ni karibu nusu. Mkoa wa ghala, watoto wafupi kuliko umri wao! Sababu zake madaktari wanazieleza: ugali bila kitoweo, mama anayerudi shambani mapema akamwacha mtoto mchanga na uji mwepesi chini ya uangalizi wa dada wa miaka saba, maji yasiyo salama, minyoo, malaria. Watoto waliopimwa wakati ule leo wamo madarasani. Ndio hao wanaoondoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni, wakatembea, wakakaa hadi saa nane mchana, kisha mwalimu akashangaa kwamba hesabu haziingii.

Waraka wa Elimu wa 2016 uliweka chakula cha wanafunzi wa kutwa katika wajibu wa wazazi. Ni sawa. Lakini kuna njia mbili za kuuelewa wajibu huo. Moja ni kutoza fedha, Februari, na kuwafukuza wasiolipa. Nyingine ni kupokea debe la mahindi na kisado cha maharage wakati wa mavuno, yakatunzwa shuleni chini ya kamati inayosoma hesabu yake mbele ya watu. Kwa mkulima wa Ilemba mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kodi. La pili ni kugawa alichovuna mwenyewe. Na pale mahindi ya shule yalipowahi kuliwa na panya wa miguu miwili, mwalimu asishangae debe la mwaka wa pili likichelewa. Mwananchi hujifunza haraka sana kwa jambo kama hilo. Pengine huko ndiko kuamka kwenyewe.

Taifa hili limewahi kufanya mambo kwa namna nyingine. Mwaka 1967 zaidi ya theluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa taifa ulipofanyika Agosti 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na kufikia 1986 walikuwa karibu asilimia 10. Wengi hueleza ushindi huo kwa neno la hamasa, na hamasa ilikuwapo kweli. Lakini yalikuwapo pia mambo madogo madogo. Madarasa yalikaa alasiri, baada ya shamba. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa kwa kufuata kazi ya mwanafunzi: mkulima wa pamba alisoma juu ya pamba, mvuvi juu ya uvuvi, mfugaji juu ya ng’ombe. Mwalimu mara nyingi alikuwa jirani aliyemaliza darasa la saba. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wananchi wale hawakuwa wa mbegu tofauti na wa leo. Saa, lugha na mahali vilichaguliwa kwa kumfikiria yule anayeitwa.

Elimu hiyo hiyo, likifika suala la msichana, hukuta vizuizi vyote vya ndugu yake wa kiume na vingine juu yake. Sekondari za kata zilipoenea baada ya 2004, umbali ulipungua lakini haukwisha. Msichana anayetoka kijiji cha mbali hupangiwa chumba mtaani, yeye na wenzake wawili au peke yake, akijipikia, akijitafutia kuni, akijilinda. Ana miaka 15. Mwenye pikipiki anayempa lifti siku ya mvua, mwenye duka anayemkopesha sabuni, wote wanajua chumba hicho. Kisha tunda la mambo hayo likionekana, hushangaa kila mtu. Utafiti wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika Katavi, iliyokuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni waja wazito. Novemba 2021 Serikali iliondoa kizuizi cha miaka mingi na kuruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa. Lakini waraka hauleti mtoto mchanga kunyonya saa nne, wala hauzuii kicheko cha darasa. Huyo aliyerudi akikutana na mwalimu anayemwita “mama fulani” mbele ya wenzake, atavumilia juma moja, la pili hatakuja, na taarifa itaandikwa: amerudia utoro. Mabweni yanagharimu, na Halmashauri ina mengi ya kulipa. Ulimi wa mwalimu haugharimu kitu.

Sasa michezo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1967, mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea, na haikuwa bahati mbaya: michezo ilihesabiwa kuwa sehemu ya kumjenga mtu. Taifa lililomwona Filbert Bayi, kijana wa kijijini, akivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch Februari 1974 halina haja ya kuhubiriwa kwamba vipaji viko vijijini. Lakini katika shule nyingi michezo imebaki kuwa mchakamchaka wa asubuhi na mpira wa wavulana kumi na mmoja jioni, wengine wote wakisimama pembeni kupiga makofi. Oktoba 2020 Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1–0 katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, na wapenda mpira wa mkoa huo bado wanaisimulia siku hiyo. Kushangilia ni raha, na hakuna ubaya. Ila anayeshangilia bado hajacheza.

Tazama saa ya michezo. Ratiba inasema saa kumi alasiri. Saa kumi ndiyo saa ya ndoo. Msichana wa bondeni, akitoka shule, ana maji ya kuteka, kuni za kuokota, unga wa kutwanga au kupeleka mashineni, na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Wavulana wako uwanjani kwa sababu dada zao wako kisimani. Mwalimu wa michezo anapiga filimbi, anaona wavulana thelathini na wasichana wanne, anaandika kwamba wasichana hawapendi michezo na wazazi wao wana mila potofu. Mila zipo, wala zisikanushwe. Wapo wazazi wasiotaka kabisa binti avae bukta mbele ya wanaume. Lakini shule iliyohamisha netiboli kutoka saa kumi kwenda saa nne asubuhi, ndani ya ratiba ya masomo, haikulazimika kupigana na mila yoyote. Wasichana walikuwapo tayari.

Na wenye shaka kama kazi hiyo ina faida waikumbuke Oktoba 2022, wakati Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wasiofika miaka 17, ilipocheza Kombe la Dunia kule India, ikaifunga Ufaransa mabao 2–1 na kuingia robo fainali. Taifa Stars, pamoja na fedha na magazeti yote inayoyapata, haijawahi kucheza mashindano ya ngazi hiyo. Wasichana wale walitoka mahali ambapo mtu fulani aliwapa mpira na saa ya kuuchezea. Kutoka Ilemba njia ni ndefu zaidi. Mwanafunzi anayechaguliwa kwenye UMITASHUMTA hupita shule, kata, tarafa, wilaya na mkoa kabla ya kufika taifa, na kila ngazi humtoza nauli, chakula na raba za miguuni. Anayetoka karibu na mji huanza safari akiwa amekwisha kuvuka nusu ya ngazi hizo. Mchezo wa mbio ambao mmoja huanzia chini ya Lyambalyamfipa na mwingine juu yake, mwamuzi wa haki angeusimamisha.

Wapo ambao hata pembeni mwa uwanja hawafiki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imetaja haki zao vizuri, lakini mtoto asiyetembea, kwenye njia ya mawe na makorongo, anategemea mgongo wa mama yake, na mgongo huo huchoka anapofika miaka tisa. Kwa watoto wenye ualbino njia ya shule yenyewe iliwahi kuwa mahali pa kuvamiwa. Februari 2013, katika bonde hilihili la Rukwa, mtoto mmoja mwenye ualbino alikatwa mkono akiwa njiani kutoka shule. Ndugu waalimu, mzazi ambaye baada ya siku ile alimfungia mwanawe ndani, ni nani angethubutu kumwandikia kwamba hana mwamko? Alikuwa macho kuliko wote. Kitu kilichokosekana kilikuwa watu wazima wa kuwasindikiza watoto njiani, na mgambo, na jirani wa kutoa habari bila woga, na waganga wapiga ramli wa kuchukuliwa hatua kabla ya damu. Jina la Sumbawanga watu hulifasiri kuwa “tupa uchawi”, na nchi nzima imelifanyia mzaha, hata watumishi wapya hupewa pole wanapopangiwa kazi huko. Mzaha huo una hasara yake. Mtumishi aliyefika akiwa amejaa hadithi hizo hujifungia nyumbani magharibi, hana urafiki na mtu, na baada ya mwaka mmoja yuko kwenye foleni ya uhamisho. Naye pia ameshindwa kushiriki maisha ya kijiji, lakini hakuna fomu inayomuuliza kuhusu mwamko wake.

Ni haki kusema hapohapo kwamba mwalimu huyo ana yake. Nyumba ya kupanga inavuja, kufuata jambo lolote la ofisini ni safari ya siku mbili au tatu masika yakikata barabara, na siku hizo darasa hukaa bila mtu. Aliyepangwa peke yake kufundisha madarasa matatu hana saa ya kumtembelea mzazi wa mtoto aliye dunguni.

Mwisho uangaliwe mkutano wa kijiji, kwa maana hapo ndipo mambo haya yote yangepaswa kusemwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wote wazima wa kijiji, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji, nao ukutane angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji angalau robo yake iwe wanawake. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mbiu hupigwa jioni kwa mkutano wa kesho asubuhi, siku ya kulima. Vitongoji vya wafugaji havisikii mbiu hiyo. Wanawake waliofika hukaa nyuma kabisa, karibu na njia, kwa kuwa watoto wanalia na chungu kiko jikoni. Mwenyekiti anafungua, ofisa mgeni anahutubia saa nzima, mapato na matumizi yanasomwa upesi upesi kama sala ya mazoea, kisha linakuja lile ambalo mkutano uliitiwa: mchango. Kila kaya tofali kadhaa, mchanga ndoo kadhaa, au fedha badala yake. Maswali? Hakuna. Mkutano umefungwa.

Katika lugha ya ofisi nyingi, kushiriki kumekuwa na maana ya kuchangia. Mwananchi hushirikishwa mawe na mchanga, hashirikishwi mawazo. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilikataa jambo hilo waziwazi: ulieleza kwamba kazi ya Chama si kuwahimiza wananchi watekeleze mipango iliyokwisha kuamuliwa na wataalamu na viongozi wachache, bali ni kuhakikisha kwamba wataalamu na viongozi wanatekeleza mipango iliyokubaliwa na wananchi wenyewe. Mwongozo huo ulisomwa kwa moyo mkuu, na Operesheni Vijiji ikafuata 1973 hadi 1976, ambapo katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwanza na kuelezwa baadaye. Ni vema hilo likumbukwe na Chama chenyewe, kwa sababu mazoea ya siku zile hayakuisha pamoja nazo. Kijana wa ofisi aliyezaliwa miaka ishirini baada ya Operesheni huwa nayo bila kujua alikoyapata. Huingia kijijini na jibu mkononi, akatafuta swali la kulibandikia.

Zipo fomu zenye safu iliyoandikwa “Sababu”. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtumishi kuandika humo neno “mwamko”. Anaweza kuandika: kilometa saba na mto mmoja usio na daraja. Anaweza kuandika: ndege wa mpunga, Aprili na Mei, watoto 23. Anaweza kuandika: hakuna chakula cha mchana tangu Machi, netiboli imewekwa saa ya maji, mkutano uliitishwa siku ya kulima. Taarifa ya namna hiyo ikifika Laela haitakuwa rahisi kuiweka kabatini, kwa kuwa kila sababu iliyomo inamtaja mwenye wajibu. Bila shaka baadhi ya sababu zitamrudia mwandishi mwenyewe, na hapo ndipo kazi itakuwa ngumu kidogo.

Kuzijaza safu hizo kunataka mtu ashuke na kuuliza. Kati ya Julai na Oktoba barabara ya mteremkoni inapitika, mpunga umekwisha kuvunwa, familia zimerudi kijijini kutoka mashambani, na jioni watu hukaa barazani. Mvua zikianza Novemba, watakuwa wametawanyika tena.